Mzee Aliyeitika Hai

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijaisha ndani yangu. Nikiwa jikoni namenya viazi, inarudi. Nikiwa kwenye foleni dukani, inarudi. Nakumbuka joto la siku ile, nakumbuka viatu vilivyonibana, nakumbuka hata ile chai isiyo na sukari tuliyopewa. Nitakusimulia, ila univumilie, maana mimi sina ulimi wa kusimulia kwa mstari ulionyooka. Nilichosoma nimekisoma jioni, baada ya kazi, kwenye darasa la watu wazima, nasinzia na kalamu mkononi.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Tulipoletwa Houston kutoka kambi ya wakimbizi, mimi na binti yangu Faida, tulipewa nyumba ya ghorofani huku Sharpstown, majirani juu, majirani chini, kila mlango na lugha yake. Nilianza kwa kusafisha vyumba vya hoteli, halafu nikapata cheti cha kutunza wagonjwa majumbani. Mwaka 2018 nikapelekwa kwa mzee mmoja Mjapani, Mzee Morita, aliyekuwa akiishi na binti yake, Bi Keiko. Mzee alikuwa amepita miaka tisini. Mwembamba, mgongo umenyooka kama fimbo ya pazia, nywele amezichana hata kama haendi popote.

Asubuhi ya kwanza Bi Keiko aliniambia, "Baba hapendi kuguswa kabla hajaitwa. Mwite kwanza." Nikasimama mlangoni, nikaita kwa adabu, "Mzee Morita?"

Ndani ikatoka sauti kama ya kijana wa shule: "Hai!"

Mwanangu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema huyu mzee kabla ya kusalimia anatangaza kwanza kwamba hajafa! Bi Keiko akanieleza kwamba kwao hai ni kuitika tu. Mwalimu akiita jina lako, unasema hai. Nami nikamweleza mzee kwamba kwetu hai ni mtu anayeishi, ambaye bado anapumua. Nilidhani atacheka kama mimi. Yeye akaangalia mikono yake. Kisha akasema kwa Kiingereza chake, "Hiyo ni nzuri. Hiyo ni nzuri sana."

Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika upande mmoja na changu upande mwingine, tukiviunganisha tunapata kimoja kizima. Kila asubuhi nikawa naita, yeye anaitika, mimi nasema, "Bwana asifiwe, yuko hai." Ukawa ndio mchezo wetu. Sikujua kwamba kwake yeye lile neno halikuwa mchezo.

Sasa nikuambie juu ya nyumba yangu. Sisi tulilelewa hivi: mzazi akiita, unaitika. Kule Kigoma, kambini, msichana alisema "Abee!" na mvulana "Naam!", ndipo unakimbia kuja. Hata kama umenuna, hata kama unajua unaitwa kuchapwa, unaitika kwanza. Faida alikuwa mwepesi wa kuitika kuliko watoto wote wa mtaa wetu wa mahema. Na mimi sikumwita Faida. Nilimwita Mama, kwa sababu amerithi jina la mama yangu mzazi, na kwetu huwezi kumwita mzazi wako kwa jina kavu hata akiwa amerudi kwa umbo la mtoto mchanga. "Mama, njoo ule." "Mama, umeoga?" Ndivyo tulivyoishi.

Tulipofika Texas, siku moja nilimwita hivyo mbele ya shule. Wenzake wakacheka. Mwalimu akauliza kwa upole nani hapa ni mama na nani ni mtoto. Ndani ya basi Faida akaniambia, "Please, mbele za watu niite Faida." Nikamwita Faida. Mbele za watu, kisha nyumbani, kisha kila mahali. Na ile "Abee" ikaondoka pia, ikaingia "What?" Naita, najibiwa "What?" Nilipigana na hiyo "What?" mpaka nikachoka. Kosa la nani, sijui. Nchi ina namna yake ya kuingia ndani bila kubisha.

Basi, alipokaribia kumaliza sekondari, Faida akaja na habari. Nilikuwa nakuna mihogo. Akasema, "Mama, nataka kuingia jeshi la majini."

Nikasema, "Jeshi gani?"

"La majini. Watanifundisha uuguzi, nitafanya kazi melini."

Kile kikunio kilinitoka mkononi. Wewe unayesoma, labda umezaliwa mahali ambapo mwanajeshi ni mtu wa kupigiwa makofi uwanjani kabla ya mpira. Mimi nimetoka Fizi, ng'ambo ya pili ya ziwa, kwenye vita. Kwetu, ukiona watu wenye sare, unabeba mtoto na sufuria, huulizi ni wa upande gani. Nilikuwa na umri wako, au pungufu kidogo, tulipokimbilia ziwani. Mdogo wangu Byamungu alikuwa nyuma yetu kwenye majani. Nilifungua mdomo nimwite, na mtu mzima mmoja akaniziba kwa kiganja chake. "Usiite," akasema, "watasikia." Sikuita. Tulipanda mtumbwi bila jina lake kutoka mdomoni mwangu, na mpaka leo hatujajua alilala wapi. Sasa mtoto wangu mwenyewe anataka kuvaa sare? Wiki nzima sikutulia. Usingizi ukaja vipande vipande. Nilifunga na kuomba, nikamwambia Mungu amfungie huo mlango.

Ndipo nikapata akili, au niliiona ni akili. Mzee Morita alikuwa mwanajeshi wa majini! Bi Keiko alinionyesha picha yake ukutani, kijana mdogo mwenye sare nyeupe, na upanga mrefu kiunoni. Alipigana vita vile vikubwa vya dunia, upande ulioshindwa. Nikasema, huyu ndiye dawa. Nitampeleka mtoto amsikilize. Mzee atamwambia watu wanavyoungua, watu wanavyozama, na mtoto atatapika hiyo hamu yote. Nikamwomba mzee. Akaniuliza, "Unataka nimwambie nini?" Nikasema, "Ukweli." Akaitikia kwa kichwa.

Ndiyo Jumapili niliyokwambia. Tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja. Mzee alikuwa amevaa tai, amekaa anatungoja kabla ya muda, maana katika jeshi lao kufika kwa wakati ilikuwa ni kuchelewa. Faida alimsalimia kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, nikafurahi moyoni, nikajua kazi imeanza vizuri.

Mzee akasimulia. Aliingia chuo cha maofisa akiwa na umri wa Faida. Huko walifundishwa kuogelea mpaka miguu inakufa ganzi, kusoma nyota, kukunja nguo ndogo kama bahasha. Akahitimu vita vikiwa vimeshaanza kuwageukia. Wakampeleka kwenye manowari ndogo yenye mbio, kazi yake kulinda meli za mizigo zisipigwe na nyambizi. "Tulilinda vibaya," akasema. "Meli za kulindwa zilikuwa nyingi kuliko sisi, halafu zikawa chache kuliko sisi, halafu hazikuwepo." Kisha manowari yao nayo ikapigwa, asubuhi, jua limeshachomoza. Alijikuta ndani ya maji yenye mafuta mazito, moshi umelala juu ya maji hata huoni mkono wako. Meli nyingine ikashusha mashua, yeye akawa wa kwanza kuvutwa ndani. Na kwa kuwa alikuwa ofisa wa wale mabaharia, kazi ya kuita majina ikawa yake. Akaita ndani ya moshi, jina moja moja. Aliyekuwa mzima aliitika, "Hai!" Mashua ikafuata sauti.

"Na ambao hawakuitika?" Faida akauliza.

Mzee akasema, "Nilienda kwenye jina linalofuata."

Nikamwangalia binti yangu. Macho yalikuwa yamejaa maji. Nikasema moyoni, asante Yesu, dawa imeingia.

Lakini Faida akauliza tena, "Mzee, ulichukia kazi yako?"

Nilitaka kumkanyaga mguu. Mzee alifikiri, akasema vita alivichukia, bahari hakuichukia. Akasema vita vilipoisha, meli chache zilizobaki ziling'olewa mizinga, zikatumwa kuwarudisha nyumbani watu wao waliokwama nchi za mbali. Wanajeshi wenye njaa, akina mama wenye watoto mgongoni, wazee. Yeye alipewa cheo kwenye meli ya namna hiyo. Sitaha yote, ile sakafu ya juu ya meli, ilitapikiwa na kukojolewa na watoto. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu," akasema, akanyoosha mgongo zaidi ya ulivyonyooka. "Ile ya kwanza nilikuwa namfanyia mtu mwingine. Hii ya pili ilikuwa yangu."

Faida akasema, "Sisi pia tulivushwa ziwa. Mama alivushwa."

"Najua," mzee akasema. "Nani alikuwa anaendesha?"

Sikujua. Mwanangu, sijawahi kujiuliza. Mtu aliyetuvusha alikuwa na mgongo tu, niliuona mgongo wake. Nilikaa pale na chai yangu chungu na nikaona kabisa kwamba mtego wangu umenikamata mwenyewe.

Ndani ya gari tukirudi, Faida alikuwa anang'aa. "Umesikia, Mama? Kuna meli za kusaidia watu. Hata leo zipo."

"Nimesikia watu waliozama."

"Kesho nitapiga simu ofisini kwao."

"Ukipiga simu hiyo," nikasema, "usiniite mama tena. Tafuta mama yako huko huko majini."

Neno likishatoka ndani ya gari lililofungwa vioo, linakaa humo humo, mnalivuta wote wawili mpaka mfike.

Haikupita wiki akaondoka. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi na minane, hakuna karatasi niliyopaswa kusaini. Alienda Arlington, karibu na Dallas, kwa mdogo wangu Riziki, ambaye ni mama yake mdogo. Riziki akanipigia: "Dada, mtoto wako yuko hapa. Anakula ugali wangu vizuri, usiwe na wasiwasi. Lakini jina lako likitajwa anaingia bafuni."

Nikampigia Faida simu. Hakupokea. Nikapiga kesho yake. Hakupokea. Nikaacha ujumbe wa sauti: "Faida! Shika simu! Mimi ndiye niliyekuzaa! Faida, usinichezee!" Miezi ikapita hivyo. Nilikuwa napika naacha chakula kiungue. Nilikuwa naanza sala nakuta niko dirishani, sijui nimefikaje. Kanisani waliniuliza, "Binti yuko wapi?" nikawa nasema yuko kwa mama yake mdogo, na ilikuwa kweli, ila haikuwa ukweli.

Ikafika Alhamisi moja ya mwaka 2019. Nilikuwa kwa Mzee Morita. Riziki akapiga, mara hii bila utani. "Dada, anaondoka kesho. Asubuhi anaapa, mchana wanamtoa na gari kwenda uwanja wa ndege. Nimemwambia akupigie, amekataa. Anasema wewe ndiye uliyesema."

Nikapiga namba ya Faida hapo hapo. Nikapiga tena, na tena. Mzee alikuwa anangoja chai. Nilimletea maji ya moto bila majani ndani. Akayaangalia, akaniangalia.

"Kaa," akasema.

"Siwezi kukaa, Mzee."

"Basi simama, lakini niambie."

Nikamwambia yote, mpaka neno la ndani ya gari. Nikamaliza kwa kusema, "Nimemwita mpaka nimechoka. Haitiki. Nimemwachia Mungu."

Mzee hakunipa pole. Akauliza, "Unamwitaje?"

"Kwa simu."

"Hapana. Kwa sauti gani? Nisikie."

Nikamwonyesha. "Faida! Shika simu!" Mzee akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Nakujua wewe," akasema, "wewe ulikuwa sajini kwenye meli yangu. Hata mimi nisingeitika."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Naye akaniambia sehemu ya habari ambayo hakumwambia Faida siku ile, kwa sababu, alisema, siku ile mimi sikumleta mtoto asikie, nilimleta atishwe.

Ndani ya ule moshi, alipomaliza kuita majina, mkubwa wake kwenye mashua alisema basi, tuondoke, nyambizi bado iko. Walioitika walikuwa wachache sana. Kijana Morita akaomba aite mara moja zaidi. Akakubaliwa, ila haraka. Safari hii hakuita cheo na jina la ukoo kama walivyoitwa kila siku kwenye gwaride. Alikuwa amekaa na wale vijana jioni nyingi, wakizungumza habari za kwao, nani mama yake anauza samaki, nani bibi yake anamwitaje. Akawaita hivyo. Majina ya nyumbani. Majina ya utoto, ambayo mtu mzima angeona aibu kuitwa mbele ya wenzake.

"Na ndani ya moshi," mzee akasema, "karibu kabisa na mashua, karibu kama ule mlango, mtu akasema: Hai."

Alikuwa mpiga mzinga mmoja. Muda wote alikuwa pale, ameshika ubao, mzima. Mara ya kwanza alisikia jina lake vizuri kabisa. Hakuitika. Aliona aibu kubaki na uhai meli yake ikiwa imekufa. Tena, kwa kuwa jina lilikuja na cheo chake, aliona anaitwa na jeshi, na jeshi alikuwa amemalizana nalo. Mara ya pili akasikia anaitwa na nyumbani, na mdomo ukaitika wenyewe kabla hajauzuia. Mtu huyo aliishi mpaka uzee. Kila mwaka alimtumia Mzee Morita matunda makavu ya kijijini kwao, mpaka alipofariki.

Mzee akanisogelea. "Binti yako nyumbani anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Koo lilikuwa limefunga, kana kwamba kile kiganja cha ufukweni bado kilikuwa juu ya mdomo wangu, miaka yote hiyo. Mwishowe nikasema, "Mama. Tulimwita Mama."

"Na wewe umemkataza neno hilo," akasema mzee. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana liliniuma. "Atakuitika kwa jina gani? Nenda. Usipige simu. Nenda."

Mwanangu, mimi nilikuwa naendesha gari mtaani tu. Kazini, kanisani, dukani, kwa njia ndogo ndogo. Ile barabara kubwa ya kwenda Dallas niliiogopa kama kifo, malori yanapita yanakuvuta upande. Lakini alfajiri nilikuwa juu yake. Nilichagua lori moja la kuku, nikalifuata. Likikimbia nakimbia, likipunguza napunguza. Manyoya yakawa yanapiga kioo changu. Niliomba kwa sauti njia nzima, na sikuomba Mungu afunge mlango. Niliomba tu nifike.

Kiapo chake nilikikosa. Riziki alinielekeza kwa simu mpaka nyuma ya jengo wanakoondokea, yeye mwenyewe alikuwa kazini, hawakumpa ruhusa. Nikakuta gari refu jeupe limefungua mlango, na vijana kila mmoja na kibegi kidogo, na mwanajeshi mmoja mwenye sare safi ameshika karatasi. Alikuwa anaita majina. Majina ya ukoo, kavu kavu. Mmoja mmoja wanaitika, wanapanda. Nikaona mgongo wa binti yangu. Akaitwa, akaitika, akapanda.

Kati yangu na lile gari kulikuwa na uzio wa chuma na eneo zima la kuegesha magari. Nikashika uzio nikapiga kelele, "Faida! Faida!"

Hakugeuka. Baadaye aliniambia kwamba alisikia. Alisikia vizuri kabisa, akajua nimekuja kumshusha mbele ya wenzake, akainamisha kichwa.

Mlango wa gari ukaanza kusogea.

Hapo nikaita tena. Sikuchagua neno, lilitoka lenyewe na koo likafunguka nalo. "Mama! Mama eee! Mama yangu!"

Watu wote waligeuka. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anamsindikiza mwanawe akaja mbio, akanishika bega, "Honey, umempoteza mama yako?" Fikiria, mtu mzima mwenye mvi anamlilia mama kwenye uzio! Nilikuwa nasikiliza.

Na ndani ya lile gari, kupitia ule mlango uliobaki wazi kidogo, ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kambini.

"Abeee!"

Aliruka chini hata kabla hajaruhusiwa. Yule mwenye sare alitaka kusema kitu, akamwangalia, akaniangalia mimi, akageuza karatasi yake akajifanya anasoma upande wa nyuma. Mungu ambariki popote alipo. Faida alikuja mpaka kwenye uzio. Vidole vyetu vikapita kwenye matundu.

"Mama, umefikaje?"

"Nimefuata lori la kuku."

"Kwenye barabara kubwa? Wewe?"

"Mimi."

Akacheka huku kamasi zinamtoka. "Wangekuchukua wewe jeshini, mimi wangeniacha."

Nikamwambia, "Sijapenda. Uelewe hilo. Mpaka sasa sijapenda. Lakini lile neno la ndani ya gari nalichukua nirudi nalo Houston, nikalitupe njiani. Wewe ni mama yangu na mimi ni mama yako." Nikapitisha mkono juu ya uzio, chuma kikanikwaruza, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake na kumwombea. Sala fupi. Nilikuwa nimeshaomba ndefu barabarani.

Akaniuliza, "Nikikupigia simu utapokea?"

"Hata nikiwa nimekasirika. Nitapokea kwanza, halafu nitakasirika."

Akarudi ndani ya gari. Likaondoka. Nilibaki nimeshika uzio mpaka yule mama wa Kimarekani akaniletea maji.

Nilipomweleza Mzee Morita, aliuliza tu, "Kwa jina gani?" nikamwambia, akafumba macho akatabasamu. Mwaka uliofuata, 2020, ugonjwa ulipofunga milango ya watu, Bi Keiko alimtunza mwenyewe, mimi nikawa nampigia kila asubuhi. "Mzee Morita?" "Hai!" Sauti ikawa ndogo, lakini aliitika. Asubuhi moja simu ilipokelewa na Bi Keiko, na kwa namna alivyovuta pumzi nilijua. Nilikaa chini. Kisha nikamwomba aiweke simu karibu na kitanda, nikamwita mzee mara moja, kwa upole, kama siku ya kwanza mlangoni. Nilitaka jina lake liwe limeitwa. La Byamungu sikuliita, lake nililiita.

Faida yuko baharini sasa. Hospitali ndani ya meli, ananiambia. Sielewi nusu ya anayonieleza, na usiku wa upepo bado naamka natembea sebuleni, siwezi kukudanganya kwamba nimetulia. Akipata mtandao hutuma neno moja tu, asipopata muda wa zaidi: Hai. Nami najibu: Abee, Mama.

Basi shika hili, mwanangu, wewe ambaye leo umezima simu kwa sababu wa nyumbani wamekuudhi. Ukiitwa, itika. Itika ukiwa umekasirika, itika ukiwa na aibu, itika hata kama jibu lako ni hapana. Kukataa unaweza kukataa baada ya kuitika, na njia yako ni yako, uifuate. Lakini usimwache mtu anayekupenda aite ndani ya moshi akadhani hakuna mtu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeita, na siku hiyo inakuja haraka kuliko unavyodhani, angalia unaita kwa sauti ya nani. Mtoto akikaa kimya, usihamie kwenye jina linalofuata. Mwite tena. Mwite kwa lile jina mlilompa alipokuwa bado anabebwa.

Mungu akulinde katika maji na katika barabara. Akupe wa kukuita hata ukiwa mbali, na akupe koo jepesi la kuitika. Na siku ile atakapotuita sisi sote mmoja mmoja, akuite kwa jina la nyumbani, nawe usichelewe. Useme tu, kama mzee wangu alivyosema kila asubuhi: Hai.